Kufuli Nyuma ya Sikio

Siku hizi wanandoa husikia mawazo ya wenzao kupitia chipu zilizopandikizwa nyuma ya sikio. Basi Nyamvula alipomwona mumewe Shekuwe akicheka peke yake mezani, ilhali yeye hasikii wazo lake lolote, aliona wivu. Akamwelekezea simu yenye programu ya kupima chipu. Jibu likaja: chipu hii ina kufuli la siri la kuzuia mawazo yasisikike, tangu kiwandani.

"Unamficha nani, baba Salha?"

"Hebu pima na yako."

Akapima. Nayo ilikuwa nalo.

"Nilijua unalo tangu uchumba," Shekuwe alisema, akimmiminia chai. "Sikukuuliza."

Nyamvula, ambaye hakuwahi kuficha kitu, akalitafuta kufuli lake kwenye simu na kulifunga. Shekuwe akatua birika, akamkazia macho, akitega sikio bure.