Kabla ya Jina

Ti, ti, ti. Mama alisikia mashine ikihesabu mapigo ya moyo kabla hajafumbua macho.

Siku ya kumi na moja alikuwa amekaa roho mkononi kando ya kisanduku cha kioo, na mtoto wake njiti hakuwa na jina. Aliogopa kumzoea. Hata kumgusa hakuthubutu.

Mumewe, mwandishi wa programu, alikuwa na kompyuta mapajani akirekebisha programu ya hospitali inayohesabu uzito wa watoto wa wodi. Mstari mwekundu ukatokea chini ya kipande kimoja cha maagizo.

"Imekugomea leo, bingwa," mkewe akamtania.

"Kosa langu. Kipande hiki hakina jina, nami nikakiweka peke yake. Kikaguzi cha makosa humu kwenye kompyuta kinauliza: kitapokea nini, namba au maneno? Sasa tazama."

Akakirudisha ndani ya orodha ya uzito. Wekundu ukafutika.

"Umekipa jina?"

"Wapi! Hapa panangojewa kipande cha kupokea namba. Kikaguzi kimetazama mahali kilipo, kikajua chenyewe."

Mama akageukia kisanduku. Kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, chembamba kama kidole, utepe uliandikwa "Mtoto wa", kisha jina lake yeye.

Akapitisha mkono kwenye tundu. Vidole vitano, laini kama utambi, vikamshika ncha ya kidole.

"Mwanangu," akasema kwa mara ya kwanza, "jina nitakupa leo hii, jua halijazama. Kwa sasa shika tu. Mkono huu siutoi."