Shemsa wa Meli

Mjukuu wangu Shemsa alizaliwa melini, kwenye sitaha ya magari, kati ya lori la vitunguu na gari la harusi. Nilimpokea kwa kanga yangu mwenyewe. Sasa sheria ya bandari inasema azaliwaye melini ni mtoto wa meli, basi mahali pa jina la baba wakaandika la meli. Akawa Shemsa Fahari. Meli ikauzwa, ikapakwa rangi, ikaitwa Tausi. Mtoto naye akabadilishiwa kitambulisho, akawa Shemsa Tausi. Ikauzwa tena, akawa Shemsa Safina. Niliyakubali yote, maana mimi ni mtu wa subira.

Juzi meli ile imekatwakatwa, imekuwa chuma chakavu. Leo asubuhi karani wa bandari akaniita.

"Pole na msiba, bibi. Tia kidole hapa kwenye mashine."

"Msiba wa nani?"

"Wa Shemsa Safina. Meli ikifa, na watoto wake tunawaandika marehemu."

"Mtovu wa adabu we! Shemsa yuko nyumbani anakaanga vitumbua, nawe unamzika kwenye mashine?"

"Mashine haioni vitumbua, bibi." Akacheka.

Sikutia kidole. Nilikipiga teke kiti chake, nikatoka.

Nyumbani nilimkuta jirani yangu Bi Raya ameshafika na kilo mbili za sukari ya matanga. Simu yake ilikwisha kumpa habari. Akanikumbatia huku analia.

Shemsa akatoka jikoni, akampa mkono. "Shikamoo, Bi Raya."

Bi Raya akamtazama, akaitazama simu yake, kisha akaendelea kunipa pole mimi.