Ndoo Nne za Mti Wetu

Siku hizi bomba la jikoni linafunguliwa kwa utamu wa matufaa yenu. Yakiwa machachu, mnakaa na kiu. Kwa hiyo niliyapunguza matunda machanga mtini, na maji ya kumwagilia shina nikayabana ili utamu ukolee. Mama mkwe akanifokea.

“Umetumwa na kwenu uje kuua mti wangu?”

“Mama, yakibanana hayawi matamu, na yanachelewa kuiva.”

“Haya, darasa la saba linanifundisha!”

Jana mashine ya bomba ilionja tufaa moja, ikatugawia ndoo nne za maji kwa siku. Nyumbani tuko wanne, kila mtu ndoo yake. Mama mkwe akazitazama ndoo, kisha tumbo langu la miezi mitatu.

“Kumbe kupunguza kunasaidia, mwanangu,” akasema. Hajawahi kuniita mwanangu. “Keti hapa. Nimekuchemshia dawa, unywe ikiwa bado ya moto.”