Mbeba Kokoto

Kwa muda mrefu Tunu aliishi na mwanamke asiyemjua jina. Alimkuta kwenye mkanda wa zamani wa filamu, katika jumba la kumbukumbu la mji: mwanamke mweusi mwenye karai la kokoto kichwani, enzi reli ilipokuwa ikijengwa, akigeuka kuitazama kamera na kusema jambo. Mkanda haukuwa na sauti. Tunu alijenga filamu yake fupi yote juu ya uso ule, na jioni alipokula peke yake aliuacha kwenye kioo cha kompyuta umtazame.

Kabla ya onyesho alimwita shangazi yake, Mwanahawa, ambaye homa ilimwacha kiziwi, naye akazoea kusoma midomo ya watu.

Shangazi alisogea karibu na kioo. "Hebu rudisha."

Tunu akarudisha, kisha akamgeukia. "Anasema nini?"

"Anasema, 'Usinipige picha.' Halafu, 'Nakuomba, bwana.'"

"Lakini bila yeye sina filamu, shangazi!"

"Mimi nimekusomea tu, mwanangu."

Shangazi alipoondoka, Tunu alikaa na yule mwanamke hadi chai ikapoa. Kisha akaukata uso ule kwenye filamu, na mahali pake akaacha giza la urefu uleule.

Siku ya onyesho, ukumbini, giza lile lilipofika, watu walianza kunong'ona.

"Umeme umekatika?" mmoja aliuliza.

Tunu, kwenye kiti cha nyuma kabisa, alifumba macho na bado akamwona yule mwanamke. Akayafumbua haraka, akalitazama giza pamoja na wenzake.