Kisahani cha Shaba

Waya mwekundu ulipungua nusu kidole, na zege lingemwagwa shimoni saa nane mchana. Fundi cherehani aliung'ata waya, akauvua ngozi kwa meno, akatema plastiki sakafuni. Urefu ukatosha.

"Wifi, hicho ni kidude cha watoto," mke wa kaka yake alisema kutoka mlangoni. "Hata mwenyewe hakuwahi kukifungua."

Kweli hakuwahi. Kaka alikinunua kile kisanduku ili ajiundie maikrofoni ya kurekodia gitaa lake, akakiweka juu ya kabati, akasema ataanza Jumamosi. Ijumaa mgodi ukawafunika, yeye na wenzake sita. Leo ilikuwa Jumatano.

Ndani mlikuwa na kisahani chembamba cha shaba, ukubwa wa kifungo cha koti; nyaya mbili, kibao kidogo cha umeme, na karatasi ya maelekezo iliyokiri bila haya kwamba sauti itakuwa mbovu, kama ya mtu anayeongea ndani ya debe. Pasi ya kuchomea nyaya hakuwa nayo. Alipasha bisibisi jikoni mpaka ikaiva, akayeyushia risasi ya kuungia nyaya, akaungua kidole gumba, akaendelea. Vidole vile vilishazoea sindano.

"Unashindana na mlima, wifi."

"Mlima sina ugomvi nao."

Ugomvi alikuwa nao na waliokaa juu ya mlima. Kampuni ilikuwa na kumbukumbu fupi. Ya kwake ilikuwa ndefu. Aliikumbuka ngazi mbovu ya shimo la pili, akamkumbuka na aliyeamuru ipakwe rangi badala ya kubadilishwa. Aliwakumbuka watu watatu walioanguka nayo, na taarifa iliyosema walikuwa wamelewa. Na aliikumbuka Jumatatu hii, mhandisi wa usalama amesimama juu ya kreti mbele ya familia, kofia mkononi.

"Tumesikiliza kwa kila chombo tulicho nacho. Hakuna aliye hai kule chini. Jumatano saa nane shimo litazibwa kwa zege. Lakini atakayeniletea dalili moja, hata ya mtu mmoja, zege nitalisimamisha mimi mwenyewe."

Wengine walilia. Yeye aliyatia mfukoni maneno yale na kurudi nyumbani kushusha kisanduku.

Maana kikosi cha kaka kilikuwa na mtindo wake. Kila zamu ikianza, walihesabiana kwa kugonga bomba la hewa: wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, hivyo hivyo mpaka wa saba. Asiyekuwepo, nafasi yake iliachwa kimya. Kaka alikuwa wa tano. Hata mlango wa nyumbani aliugonga mara tano, na mkewe alikuwa akimtania kwamba siku moja ataung'oa.

Kwa sikio tupu usingesikia kitu. Pampu zilinguruma kutwa pale juu. Lakini kisahani kile hakisikii hewa. Kinasikia chuma.

Saa sita na nusu alipenya kwenye tundu la uzio wa mgodi nyuma ya ghala, mahali bomba linapochomoza ardhini. Lilikuwa limeshika kutu lote, isipokuwa usawa wa kifua, ambapo duara dogo lilikwanguliwa likang'aa, na pembeni yake mabaki ya gundi. Bahati ya kwanza wiki nzima, aliwaza; angepoteza dakika kumi kukwangua. Alibandika kisahani pale pale, kikaenea kama kifungo kwenye tundu lake. Akavaa visikilizio, akawasha kurekodi kwenye simu.

Mvumo. Mkwaruzo, kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Kisha, kwa mbali sana, ko, ko.

Kimya cha nafasi mbili.

Ko, ko, ko, ko, ko.

Kimya tena, kirefu. Alisubiri wa sita, akasubiri wa saba. Hawakuja. Mzunguko ukaanza upya: mbili, kimya, tano. Aliinamia bomba, paji la uso limegusa kutu, mpaka mzunguko wa pili ukaisha, kisha akabandua kisahani.

Getini, wifi yake alikuwa amekaa kwenye vumbi, mfuko wa nguo za mumewe mapajani.

"Mara ngapi?" aliuliza, kabla hajaambiwa chochote.

"Tano."

Wifi alianza kutoa mashati mfukoni, moja moja, kana kwamba mwenyewe yuko bafuni anayangoja.

Mhandisi alikuwa ofisini peke yake. Dirishani mwake gari la zege lilikuwa linazungusha tumbo lake taratibu. Hakumfukuza, wala hakumuuliza ameingilia wapi. Alipokea visikilizio, akavitia masikioni, akafumba macho.

"Ni hesabu yao," fundi cherehani alianza. "Kila mtu na..."

Mhandisi aliinua kiganja kumnyamazisha. Kidole chake kimoja kiligonga meza mara mbili, kikasubiri, kikagonga mara tano. Alisikiliza mzunguko mzima, kisha mwingine. Anaelewa, aliwaza yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa pumzi ilimshuka mpaka tumboni.

Mhandisi alivua visikilizio, akavikunja waya vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. Akatazama saa ya ukutani.

"Mbili na tano," alisema. "Jumapili walikuwa bado wanaitikia wote saba."