Yule wa Katikati

Bi Mavis Dodd aliufunika uso wa Leonora Tregear kwa kiganja, palepale mbele ya kamati nzima, akasema picha ile isitundikwe.

"Na kama lazima mtundike," akasema, "mfunikeni yule wa katikati."

Glenys Tregear akainuka kitini. Leonora alikuwa bibi yake, mama wa baba yake. Yeye na mumewe ndio walowezi wa kwanza kufuga kondoo hapa Kundara, na Jumamosi mji unatimiza miaka mia. Picha yao ilikuwa iwekwe ukutani, kubwa kama mlango, watu waitazame huku wanakula keki. Glenys hakuolewa wala hakuzaa. Kuutafuta ukoo wake ndiyo kazi iliyomzeesha.

Clive Huddy, mwenyekiti wa kamati, si mtu wa subira. "Mama, kama shida ni yule mtumishi wenu mweusi hapo pembeni, tutamkata. Fundi wa picha anamkata mara moja."

"Huyo hana neno na mtu," akasema Bi Mavis. Akaondoa kiganja huku macho yake yako dirishani, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

"Hawa Wenyeji nao," Clive akanung'unika. "Kila tukipika kitumbua chetu, lazima waje na mchanga."

Wengine wakacheka. Glenys hakucheka, maana lile neno la "mfunikeni" lilikuwa limeshamwingia.

Sisi wa Kundara tunalijua jambo moja, ila hatulisemi kwa sauti. Zamani wako wafugaji waliowagawia Wenyeji, wenye nchi kabla ya walowezi, unga wenye sumu, na aliyesimama mlangoni na bakuli, mara nyingi, alikuwa mke wa mfugaji. Je, ndicho alichokijua Bi Mavis? Tena kulikuwa na hili lililomkera Glenys miaka yote: babu yake alimwona katika orodha za abiria wa meli, jina na umri, lakini Leonora hakuwemo katika meli yoyote. Mreno, ndivyo alivyoambiwa utotoni, na ukizidi kuuliza unatumwa jikoni. Mtu asiyejulikana alikotoka huenda kuna kitu alichokikimbia.

Asubuhi akaichukua ile picha ndogo ya asili, akavuka reli kwenda kwa Bi Mavis. Kazaliwa mji huu, kazeekea hapa, na hakuwahi kuvuka upande ule wa Wenyeji. Aibu ilimshika alipogundua hajui hata nyumba ni ipi, ikabidi aulize.

Bi Mavis akamkaribisha jikoni bila maneno mengi, akabandika birika. Ukutani palikuwa na fremu za picha, na moja ilikuwa imegeuzwa, uso ukielekea ukutani.

"Hiyo vipi?" Glenys akauliza, ili tu aseme kitu.

"Mume wangu. Amefariki. Kwetu marehemu wetu hatumtazami, wala jina hatulitaji. Sukari unaweka?"

"Kidogo. Pole sana."

"Nimeshapoa."

Glenys akaiweka picha mezani kifudifudi.

"Bi Mavis, nimekuja unieleze ukweli. Bibi yangu aliwafanyia nini watu wenu?"

"Kuwafanyia nini tena?"

"Unga. Au lolote. Nimempenda tangu nikiwa mtoto, na sina mwingine wa kujivunia. Lakini kama aliua, nitaitoa picha kwa mkono wangu mwenyewe, na Clive akasirike apasuke. Ila usinifiche."

"Na mjini wanasema wewe mkavu wa moyo," akasema Bi Mavis.

Akaigeuza picha, na kabla haijalala vizuri mezani akaweka kisahani cha chai juu ya yule wa katikati. Halafu akavaa miwani, akainama, akamchunguza mtumishi wa pembeni bila wasiwasi wowote, kidole kikimgusa kifuani.

"Huyu ni Mwairishi. Bibi yangu alinihadithia habari zake. Alikuwa mpishi, weusi wote huu ni masizi ya jiko tu. Mwambie Clive asimkate, mtu wa watu. Mimi hanihusu, naweza kumtazama mpaka jioni."

Glenys akakitazama kile kisahani.

"Na huyo uliyemfunika?"

Bi Mavis hakukiondoa kisahani. Akamsogezea kikombe, akamshika mkono.

"Huyo hakumuua mtu. Huyo ni dada wa bibi yangu, tumbo moja," akasema. "Kunywa chai, mdogo wangu, itapoa."