Salamu kwenye Faili la Pamoja

"Dada, hilo faili la pamoja la nini tena?" bosi aliuliza akipita. "Mafaili ya marehemu Mzee Nukta tumeshayatoa. Hamishia vyako kwako, halafu ulifute."

"Sawa, bosi."

Kwa miaka tisa programa huyu na Mzee Nukta walikaa wamepeana mgongo, kila mtu na mafaili yake ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Kilichohitajika pande zote mbili kiliwekwa kwenye faili hili la pamoja, kila mmoja akachota. Mzee alipachikwa jina hilo kwa sababu hakumaliza mstari bila nukta mkato, hata kwenye kadi ya kumuaga mtu.

Programa alihamisha vyake kimoja kimoja hadi akafika kwenye kigeu, jina la kutunzia thamani, kiitwacho salamu, thamani yake sifuri. Hiki hakuwahi kukigusa. Ni cha mzee, alijiambia siku zote, akakipisha.

Sasa akafungua nakala za mafaili ya marehemu aone alikitumia wapi. Hakukitumia popote. Palikuwa na mstari mmoja tu wa maelezo, ambao kompyuta huuruka, aliojiandikia mwenyewe:

// salamu si yangu, nisiifute, binti anaitumia;

Aligeuka nyuma. Kiti kilikuwa bado kimeshushwa chini kabisa, kwa kimo cha mzee.

Bosi alichungulia mlangoni. "Tayari?"

"Hili halifutiki, bosi. Kuna kitu humu bado kinatumika."

"Na nani?"

Juu ya salamu aliandika: Usifute, mzee anaitumia.

Kisha akarudi mwisho wa mstari, akaifuta nukta, akaweka nukta mkato.